Taa ya Kijani Chini ya Blanketi

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Baba alikuwa polisi, akihamishwa kila mara, kwa hiyo labda nilizoea kuhama kabla sijajua kutembea. Nimeshona magunia kwenye kinu cha mchele Wang'uru. Nimeuza viatu vya mitumba Karatina. Nimechuma chai msimu mmoja hadi vidole vikawa na rangi ambayo sabuni haikuiweza. Na kila nilipokaa, nilifungua kitu: redio, pasi, mara moja saa ya ukutani ya mama mwenye nyumba, ambaye alinifukuza siku hiyo hiyo. Sikuwa na nia ya kuharibu. Nilitaka tu kujua kuna nini ndani.

Wakati ninaouzungumzia nilikuwa Nyeri mjini, kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta. Alinipa kiti kwa sababu nilijua kupangusa. Watu hawaamini, lakini nusu ya kazi ile ni vumbi. Nilipangusa, nikauliza maswali, na fundi akajibu alipokuwa na hali nzuri. Alipokuwa na hali mbaya nilijijibu mwenyewe kwa kufungua.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika mji tangu alfajiri, aliniambia, "Wewe si unapenda kuzunguka? Kuna shosho, bibi mmoja mzee, huko Tetu, skrini yake haionyeshi kitu. Hawezi kubeba mashine mpaka hapa. Enda uone."

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa useme umeshindwa. Usianze kumfungulia saa za ukutani."

Nilikuwa nimemsimulia ile habari. Nilijuta.

Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya mteremko wa michai, na ng'ombe mmoja nyuma akitafuna majani ya nepia. Shosho alikuwa amesimama langoni na sweta mbili. Alitazama nyuma yangu, barabarani.

"Fundi ako wapi?"

"Fundi ni mimi, shosho."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kilemba. "Ati wewe. Haya, ingia, mwari. Kama hujui, utakunywa chai urudi."

Mwari ni binti. Sikuwa nimeitwa binti na mtu kwa muda mrefu, na nilijikuta nikipangusa viatu mara mbili kabla ya kuingia.

Sebuleni kila kitu kilikuwa kimevishwa. Viti, stuli, redio, televisheni, hata mtungi wa gesi, vyote vilikuwa na vitambaa vya kroshia, vyeupe na maua ya buluu pembeni, vilivyopigwa wanga vikasimama kama karatasi. Karibu na mlango kulikuwa na mikoba mitatu iliyofungwa kwa kamba. Na dirishani, kwenye kiti chenye mito, aliketi guka, yaani babu, mume wake, na kofia ya sufu na blanketi hadi kifuani. Nilimpa mkono. Mkono wake ulitetemeka ndani ya wangu kama kifaranga. Kichwa chake pia kilitetemeka, polepole, bila kukoma. Macho yake tu ndiyo yaliyotulia.

"Yeye hasikii vibaya," shosho akasema. "Anasikia kila kitu, hata ile hutaki asikie. Ni kuongea ndio hawezi."

Akanieleza huku akimimina chai. Ugonjwa wa kutetemeka ulichukua mkono kwanza, akashindwa kuandika kwa kalamu. Kisha ukachukua sauti, mwaka uliopita. Ukimuuliza jambo atikise kichwa, kichwa chenyewe kinatikisika siku nzima, kwa hiyo ndiyo na hapana zinafanana. Lakini alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa miaka mingi, akipiga taipu, na kidole kimoja kilikuwa bado kinajua njia. Binti yao akawaletea kompyuta. Ikiwashwa, ukurasa mweupe unajifungua wenyewe, na guka anaandika herufi moja moja, kubwa, na shosho anasoma kutoka jikoni.

"Hapo ndio mimi naongea na bwanangu," alisema, akionyesha skrini kwa kijiko. "Sasa tangu Jumapili, kimya."

Nikauliza Jumapili kulitokea nini.

"Hakuna. Wamama wa kanisa walikuja kutuombea."

Waliombewa kwa sababu ya safari. Binti yao ameolewa Wang'uru, na alitaka wazazi wahamie kwake, chini kule kwenye joto, kwa sababu baridi ya Tetu ilikuwa ikimkaa guka kifuani. Si kwa wiki mbili, kwa kabisa. Jumamosi shosho alimuuliza mzee wake: twende ama tukae? Aliandika: nitakuambia. Jumapili skrini ikazima. Na gari la kuwachukua lilikuwa linakuja kesho yake, asubuhi.

"Mimi siwezi kubeba mtu mzima kama gunia," alisema, kwa sauti ya chini sasa, "bila yeye kusema. Lakini binti anapiga simu kila siku. Nimefunga mizigo. Labda kunyamaza ndio kukubali, mimi sijui. Ananiangalia tu."

Nilimtazama guka. Kweli alikuwa anatuangalia.

Basi nikaanza. Nilitaka sana kuonekana najua, na nadhani hapo ndipo nilipokosea.

Sanduku la kompyuta lilikuwa chini ya meza, nalo limevishwa, sweta kamili ya kroshia yenye vifungo ubavuni na tundu nyuma la kupitishia nyaya. Skrini ilikuwa na taa yake ya rangi ya chungwa. Nilipobonyeza swichi, upepo wa ndani ukaanza kuvuma, na kwenye skrini yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba hakuna ishara, yakaelea kidogo, kisha giza.

Hiyo ilikuwa habari njema kiasi. Skrini iliyokufa haisemi kitu. Hii ilikuwa hai na inangoja kuletewa picha, na picha haiji. Kwa hiyo kosa liko kwenye waya, ama kwenye sanduku. Nilikuwa na waya mwingine mkobani. Nikauchomoa ule wa shosho kwenye tundu la sweta, nikachomeka wangu palepale, nikakaza skrubu zake mbili. Hakuna ishara.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?" shosho akauliza.

"Ndiyo, shosho."

"Hata mimi nilijaribu hiyo. Kwa hivyo sasa tuko sawa, mimi na wewe."

Nikacheka, ingawa ilinichoma. Nikafungua vifungo vya sweta, nikailegeza, nikatoa ubavu wa sanduku. Ndani hakukuwa na vumbi jingi. Mtu alikuwa amelitunza. Nikachomoa vipande vya kumbukumbu, nikasugua meno yao ya shaba kwa raba ya penseli, kwa sababu unyevu wa milimani huyala, na mara nyingi hilo peke yake huponya. Niliona pia kwamba mashine ilikuwa imeongezewa kadi ya picha, kipande kirefu kilicholala chini ya vingine. Niliiona, nikaigusa ikae vizuri, nikaendelea. Mpaka leo najiuliza jinsi mtu anavyoweza kugusa jibu kwa kidole na asilione.

Nikafunga. Nikavisha sweta, kwa sababu shosho alikuwa ananiangalia na nilijua asingependa mashine ikae uchi. Nikachomeka waya pale nilipoukuta. Nikawasha. Hakuna ishara.

Wakati wote huo tuliongea juu ya kichwa cha guka. Naandika hili kwa sababu linaniuma. Shosho aliniambia mambo yake na mimi nikamuuliza shosho mambo yake: anakula vizuri? Analala? Na yeye yuko hapo, hatua mbili, na mkono mmoja chini ya blanketi ukicheza na kitu. Ilikuwa kibodi. Ilikaa mapajani mwake, na waya wake ukatoka chini ya blanketi hadi kwenye sanduku.

"Niichukue niipanguse?" niliuliza, nikimwelekea shosho.

"Wachana nayo. Hiyo hataki kuachilia. Hata skrini ikiwa giza anaigongagonga tu. Ni mazoea, mwari. Mimi pia mama yangu alipokufa niliendelea kuweka kikombe chake."

Nikaiacha. Nilikunywa chai ya pili. Halafu nikasema lile neno ambalo fundi aliniruhusu kusema.

"Shosho, nimeshindwa. Hii mashine nafikiri imeungua ndani. Niipeleke mjini, nirudi nayo Jumatatu."

Aliweka birika chini. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Jumatatu hatuko," alisema. Kisha akamgeukia mume wake, akamrekebisha blanketi pale begani ambapo halikuwa limeharibika. "Basi ni hivyo. Tutaenda tu, si ndiyo? Kule ni joto. Utakula mchele mpaka uchoke."

Kichwa chake kilitikisika, kama kilivyokuwa kikitikisika kabla hajaulizwa.

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Bisibisi, brashi, raba. Skrubu moja ilikuwa imeanguka na sikuiona, na fundi wangu alihesabu skrubu kama watu wengine wanavyohesabu watoto. Nikalala kifudifudi chini ya meza kuitafuta. Shosho akasema, "Sasa unaogelea?" na mimi nikasema natafuta samaki, naye kwa mara ya kwanza akacheka.

Kutoka pale chini, niliona ndani ya blanketi.

Lilikuwa limeachia uwazi kidogo upande wa sakafu, na gizani humo kulikuwa na mkono wa guka, na kidole kimoja, na kwenye kona ya kibodi taa ndogo ya kijani. Taa iliwaka. Ikazimika. Ikawaka. Ikazimika. Kidole kilikuwa kinabonyeza kitufe kilekile, kile cha kona ya juu kinachofunga na kufungua namba, kwa mwendo uliopangwa sawasawa. Mkono mzima ulitetemeka lakini kidole kiliangukia palepale.

Taa ile haiwashwi na kibodi. Inawashwa na kompyuta. Kompyuta ikiwa imeungua, unaweza kubonyeza hadi kesho na taa itakaa vilevile. Ikiitikia, maana yake mashine imeamka, imemaliza kujipanga, inasikia kila unachoiambia. Picha ipo. Inapelekwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuitazama.

Nilibaki nimelala pale. Nikamtazama guka kutoka chini, naye akanitazama. Taa ikawaka. Akangoja. Taa ikazimika.

"Guka," nilisema, na nadhani lilikuwa neno la kwanza nililomwambia yeye mwenyewe tangu salamu, "mashine ni nzima?"

Taa iliwaka, ikazimika, haraka haraka, mara tano sita.

"Unajua shida iko wapi?"

Tena.

Shosho alikuwa amepiga magoti karibu yangu bila mimi kujua, na sweta zake mbili, akichungulia chini ya meza. "Unaongea na nani?"

"Na bwanako. Shosho, Jumapili, kabla wageni waje, ulifanya nini kwa hii meza? Kila kitu."

Alikaa kitako kwenye sakafu ili afikirie. Wamama wa kanisa wakija nyumbani kwako, alisema, huwezi kuwapokea na vitambaa vya zamani. Watakunywa chai na macho yao yatakuwa kwa stuli. Kwa hiyo Jumamosi jioni alivua nyumba nzima, akafua, akapiga wanga. Na sanduku la kompyuta halikuwa na kitambaa. Lilikuwa limekaa hivyo, jeusi, kama sufuria iliyoungua, kati ya vitu vyeupe. Alikuwa amelifumia sweta kwa siku nne, akaimaliza usiku huo. Jumapili asubuhi alichomoa nyaya zote, akalivisha, akazirudisha, guka akimtazama.

"Na tundu la nyuma, ulipima?"

"Nilipima na macho. Kwani nilikosea? Waya zote ziliingia vizuri. Hii ya skrini ilikuwa na skrubu, nikaikaza mwenyewe."

"Uliikaza wapi?"

"Si hapo kwa tundu."

Nikavua ile sweta kabisa, kifungo kwa kifungo, nikaligeuza sanduku mgongo. Na hapo palikuwa wazi kama uso. Matundu mawili ya buluu, ya umbo moja, moja juu na moja chini. La juu ni la mashine yenyewe ilipozaliwa. La chini ni la ile kadi iliyoongezwa, na kadi ikiwepo, la juu hulala usingizi. Tundu la kroshia lilikuwa juu. La chini lilikuwa limefunikwa na mistari mizuri sana ya sufu nyeupe, na ua moja la buluu katikati. Shosho alikuwa amechomeka waya mahali ambapo sweta ilimruhusu. Na mimi, fundi kutoka mjini, nilikuwa nimechomoa na kuchomeka palepale mara mbili, kwa sababu ndipo nilipoukuta.

Sikuzima mashine. Nililegeza skrubu, nikashusha waya upana wa viganja viwili, nikachomeka.

Skrini ilingoja kidogo. Kisha ikawa nyeupe.

Ukurasa ulikuwa umejifungua wenyewe tangu nilipowasha mara ya mwisho, na haukuwa mtupu. Juu yake kulikuwa na herufi kubwa, nyingine zimejirudia kwa sababu ya kutetemeka, na aliandika kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, mgeni:

waya chini
chiini
waya ni chini mama
chini
huyu msichana haangalii

Shosho alisoma kwa sauti, neno kwa neno, na alipofika mwisho akafunika mdomo. Nilisema, "Ni kweli, guka, sikuangalia." Mabega ya guka yalitikisika, tofauti na yalivyotikisika kawaida, na shosho akaniambia huko ndiko kucheka kwake.

Nilitaka kutoka nje. Kulikuwa na ng'ombe ningeweza kumtazama. Lakini nilipoinuka shosho alinishika mkono bila kuniangalia, macho yake kwenye ukurasa, nikabaki.

"Baba," alimwambia mume wake. Kuanzia hapo waliendelea kwa Kikuyu, ambacho nakisikia kuliko ninavyokiongea, kwa hiyo nakiandika hapa kwa namna yangu. "Nilikuuliza Jumamosi. Twende ama tukae?"

Kidole kiliinuka juu ya blanketi sasa, mchana kweupe. Kilichukua muda. Nilisikia maji yakichemka jikoni. Herufi zikaja:

mizigo umefunga wewe

"Nimefunga kwa sababu umenyamaza. Nilidhani unataka joto. Unakohoa."

nilidhani unataka kwenda kwa mtoto

Shosho alijifuta mikono kwenye sweta ya juu, ingawa haikuwa na maji.

na wewe unataka nini, guka aliandika.

Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile tangu asubuhi, nikiwa nimesimuliwa habari za kifua cha guka na chakula cha guka na usingizi wa guka. Niligundua sijamuuliza shosho anataka nini. Nadhani wamama wa kanisa hawakumuuliza, wala binti. Alitazama dirishani, kwenye michai, kisha akatazama upande wa ng'ombe, ingawa kutoka hapo haonekani.

"Kule kuna mbu," alisema hatimaye. "Na sijui mtu. Huyu ng'ombe atazaa mwezi ujao na atazalia mikono ya nani? Mimi nataka kulala kwangu. Nitaongeza blanketi. Tutanunua ile hita ndogo. Lakini ukisema twende, tutaenda na sitanung'unika."

Kidole kilishuka, kikapanda.

utanungunika sana

Halafu, baada ya kupumzika:

tukae

Shosho alisoma hilo kimya. Aliinuka, magoti yakilia, akaenda kwenye mlango na kuanza kufungua kamba ya mkoba wa kwanza. Fundo lilikuwa limekazwa vibaya. Lilifungwa na mtu asiyekuwa na raha. Nikampa bisibisi yangu, akalichokonoa hadi likaachia. Akatoa shuka, akatoa sufuria, akatoa picha ya arusi yao iliyozungushiwa gazeti, akairudisha kwenye msumari. Kisha akapiga simu Wang'uru. Alianza kwa kusema, "Ngoja kwanza nikusomee vile babako amesema," na akasoma yote, hata pale pa kunung'unika, hata pale paliponisema mimi.

Nilikuwa tayari kuondoka. Lakini alirudi na ile sweta ya kompyuta mkononi, na kulabu yake ya kroshia, na akaikagua nyuma.

"Hii ua itabidi itoke," alisema. "Nilikuwa nimeipenda."

"Unaweza kuiacha wazi tu, shosho. Mashine inapenda hewa."

"Iwe uchi? Na wamama wakirudi?" Akainua kulabu hewani kama kidole, akinionya. "Kaa hapo. Leta mikono yako, mbili."

Nikakaa. Alifumua kuanzia ua, mstari kwa mstari, na kila uzi ulipotoka aliuzungusha kwenye viganja vyangu, kwa hiyo sikuweza kunyanyuka hata kama ningetaka. Guka alikuwa akiandika na shosho akimjibu bila kuinua macho, mambo madogo ya wiki nzima: kwamba chai ya Jumanne ilikuwa na chumvi, kwamba yule mama wa kanisa mrefu aliimba vizuri kuliko wenzake, kwamba dirisha la chumbani linapiga. Shosho alikana ile chumvi. Walibishana. Ukungu ulikuja ukafunika michai, ukaondoka, ukaja tena.

Alipofika kwenye mstari wa mwisho alisimamisha kulabu, akaipeleka sweta kwenye mgongo wa sanduku, akaipima. Mara hii hakupima kwa macho. Alimgeukia mume wake.

"Hapa?" aliuliza.

Sote wawili tukatazama skrini na kungoja.

chini kidogo